Kutojiamini huchochea udanganyifu katika mitihani ya vyuo

UDANGANYIFU katika mitihani ya vyuo vikuu aghalabu huhusishwa na uvivu au upungufu wa maadili. Hata hivyo, wapo wanafunzi wanaodurusu usiku kucha na bado wakaingia katika chumba cha mtihani na vikaratasi, kwa kuwa hawaamini kwamba watakumbuka walichosoma.

Nchini Kenya vikaratasi hivyo huitwa 'mwakenya', jina la vuguvugu la siri la kisiasa la miaka ya 1980 lililosambaza maandishi yake kichinichini.

Tatizo hili si la Kenya pekee wala si la jana. Utafiti wa William Bowers, uliotolewa nchini Marekani mwaka wa 1964, uliwahusisha wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo 99. Takriban robo tatu yao walikiri kuwahi kufanya udanganyifu wa namna fulani masomoni.

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka wa 1977 kuwa imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: kufaulu kwake mwenyewe, kuwaona wengine wakifaulu, kutiwa moyo, na jinsi anavyoifasiri hali ya mwili wake, mathalani moyo unapomdunda. Lenye uzito zaidi ni la kwanza.

Hapo ndipo hasara ya udanganyifu inapodhihirika. Alama za wizi hazimwongezei mwanafunzi imani, kwani anajua fika kuwa si zake. Muhula unaofuata humkuta na hofu ileile, na pengo la maarifa likiwa limepanuka.

Kanuni za vyuo huruhusu mkosaji kufutiwa matokeo, kusimamishwa masomo au hata kufukuzwa. Adhabu hizo ni za lazima, lakini hazimfunzi mtu kujiamini. Mhadhiri anayetoa majaribio madogo mapema, akayasahihisha na kuyarejesha kabla ya mtihani mkuu, humpa mwanafunzi fursa ya kujionea uwezo wake. Naye mwanafunzi yafaa ajipime kwa maswali ya miaka iliyopita, bila kitabu na kwa muda maalumu.

Asiyefanya hivyo chuoni atalazimika kujiamini mbele ya mgonjwa wodini au wanafunzi darasani, mahali ambapo kikaratasi hakimfai kitu.