Javert Hakuwa Mla Rushwa

Kila ninapofundisha historia ya Ulaya ya karne ya 19, hukutana na wanafunzi wanaodhani kwamba Les Misérables, riwaya ya Victor Hugo iliyochapishwa mwaka 1862, inasimulia Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Sivyo. Uasi unaosimuliwa humo ni wa Juni 1832 jijini Paris, uliozuka siku ya mazishi ya Jenerali Lamarque, katika mwaka ambao kipindupindu kiliua maelfu ya wakazi wa jiji hilo. Ulizimwa kwa siku mbili tu.

Kwa nini mwandishi achague uasi ulioshindwa? Naamini ni kwa sababu shabaha yake haikuwa ushindi, bali sheria inayozalisha wahalifu. Jean Valjean anaiba mkate ili kuwalisha watoto saba wa dada yake. Anahukumiwa miaka 5 ya kazi ngumu huko Toulon. Kwa kujaribu kutoroka, inakuwa 19. Anaachiwa mwaka 1815 akiwa na pasi ya rangi ya manjano inayomtangaza kuwa mfungwa wa zamani, na kila nyumba ya wageni inamfungia mlango. Adhabu iliyokwisha gerezani inaanza upya barabarani.

Anayemwinda ni Inspekta Javert. Watumishi wa umma na wamtazame vizuri: hali rushwa, hana upendeleo, hachoki. Kosa lake ni kuamini kwamba kutii sheria kunamwondolea wajibu wa kuuliza kama sheria yenyewe ni ya haki.

Hugo hakuwa mgeni wa kosa hilo. Juni 1848, akiwa mbunge, alisimama upande wa serikali ilipovunja vizuizi vya wafanyakazi wa Paris, walioasi baada ya karakana za taifa kuamriwa kufungwa. Mwaka uliofuata alisema bungeni kwamba ufukara unaweza kukomeshwa. Louis-Napoléon alipopindua jamhuri, Desemba 1851, Hugo alikimbilia uhamishoni. Na ni huko, kisiwani Guernsey, alikoirudia mwaka 1860 riwaya aliyoianza mwaka 1845.

Ndiyo maana naisoma kama ungamo la mtu aliyewahi kusimama upande wa bunduki, kisha akajiuliza walio nyuma ya vizuizi walifikishwaje pale. Javert alipofikiwa na swali hilo, alijitupa mtoni. Hugo aliandika kitabu. Nasi tunaotia saini amri kila siku, tutalijibu vipi?