Nira na Makapi ya Fungurume, 1915

Wakati mbio za farasi wakokotao gari jepesi la magurudumu mawili zilipokuwa zikishamiri Marekani, ambako mwaka 1892 gari hilo lilianza kufungwa matairi ya upepo ili kasi iongezeke, katika nchi ya shaba ya Lualaba farasi hakuweza hata kuishi salama. Mbung'o, nzi aenezaye nagana, maradhi yanayoua farasi na ng'ombe, alikuwa ameenea katika mabonde mengi ya Katanga, kwa hiyo mizigo ilibebwa na wapagazi hadi reli ilipofika Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1910. Hata hivyo, nchi hii inayo historia yake ya ukokotaji, na sura yake kuu iliandikwa Fungurume, kati ya Likasi na Kolwezi.

Mwezi Agosti 1915 wanamaji wa Uingereza chini ya Geoffrey Spicer-Simson walishusha hapo katika treni mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa mita 12 hivi, zilizokusudiwa kupambana na meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Mbele yao ilisimama milima ya Mitumba, ambako njia ilipanda zaidi ya mita 1,800, na kazi ya kuivuka waliachiwa matrekta mawili ya mvuke pamoja na maksai, yaani mafahali waliohasiwa. Maksai hufungwa wawili wawili kwa nira, mti unaolazwa shingoni mbele ya nundu na kuzuiwa kwa vijiti na ukanda upitao chini ya koo, na kila nira huunganishwa na mnyororo mmoja mrefu unaopita katikati ya jozi zote. Mahali ambapo mwinuko uliyashinda matrekta, kamba ilipitishwa katika kapi, gurudumu dogo lenye mfuo, lililofungwa kwenye mti imara, kisha maksai wakaswagwa kuteremka ili mzigo upande: uzito wao wenyewe ukawa msaada badala ya kikwazo, na hapo ndipo ustadi wa msafara ulipoonekana zaidi.

Lakini mafanikio hayo ni ya wenyeji kwanza, kwani wao ndio waliofyeka njia na kujenga madaraja zaidi ya 100, na wanawake wao ndio waliobeba maji ambayo bila hayo matrekta yasingesogea.

Mwishoni mwa Septemba msafara ulifika Sankisia, ukapata reli fupi ya kwenda Bukama na kushuka mto Lualaba. Tarehe 26 Desemba mashua hizo, katika Ziwa Tanganyika, ziliiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Reli kuu ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo ikafungua safari ya kwenda bandari ya Lobito, hivi kwamba mji wa Kolwezi, ulioanzishwa mwaka 1937, uliikuta reli ikiwa tayari.