Silikanti: samaki wa kale wa pwani yetu na siri ya vinasaba vyake

Silikanti ni samaki mkubwa wa Bahari ya Hindi anayeishi kwenye mapango ya miamba, mita mia moja na zaidi chini ya maji. Hufikia urefu wa karibu mita 2. Mapezi yake yana mashina ya nyama, na huyachezesha kwa zamu kama mnyama anayetembea. Wangazija humwita gombessa.

Wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria, hadi Disemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomkuta kwenye shehena ya samaki waliovuliwa. Wa pili alipatikana Ngazija mwaka 1952. Mwaka 2001 alinaswa Malindi, na kuanzia 2003 akaonekana Tanzania, kwanza upande wa Kilwa, kisha Tanga.

Jenomu husomwaje?

Jenomu ni jumla ya vinasaba vya kiumbe: maandishi marefu ya herufi 4 tu, A, C, G na T, yaliyomo ndani ya seli. Mashine haiwezi kuyasoma yote kwa mkupuo mmoja. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikasomwa, halafu kompyuta ikaviunganisha kwa kutazama mahali vinapofanana, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa.

Aprili 2013 kundi la watafiti wakiongozwa na Chris Amemiya walichapisha jenomu ya silikanti katika jarida la Nature, kutokana na samaki wa Ngazija. Ina herufi karibu bilioni 2.86, pungufu kidogo kuliko ya binadamu. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walichapisha jenomu za silikanti 5: watatu wa Tanzania, mmoja wa Ngazija na mmoja wa Indonesia, ambaye ni spishi nyingine.

Yaliyobainika

Kwanza, jeni zake zinazotengeneza protini hubadilika polepole kuliko za wanyama wa nchi kavu. Pili, kwa damu, samaki aliye karibu zaidi na wanyama wenye miguu minne si silikanti bali ni kamongo. Tatu, watafiti walichukua kipande cha vinasaba vya silikanti wakakiingiza kwenye kijusi cha panya, kikafanya kazi pale miguu inapoota. Yaani sehemu ya maagizo ya kuunda miguu ilikuwamo ndani ya samaki kabla ya mnyama yeyote kupanda nchi kavu.

Wa Tanga ni ukoo wao

Kwetu sisi watu wa pwani, jibu zito lilitangulia mwaka 2011. Vinasaba vya samaki wa Tanga vilipolinganishwa na vya Ngazija na kusini mwa Tanzania, ilionekana kwamba wa Tanga ni ukoo wao peke yao, na kwamba hawajachanganyika na wenzao kwa zaidi ya miaka 200,000. Kwa hiyo wakimalizwa, wa Ngazija hawatakuja kujaza nafasi yao.

Na kumalizwa ni rahisi. Utafiti wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, jike hukomaa akiwa na miaka 50 na kitu, na mimba hudumu takribani miaka 5. Jike akifa kabla ya umri huo, hajaacha hata mtoto mmoja.

Adui yake mkubwa ni jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye maji ya kina. Anayenaswa hana faida kwa mvuvi: nyama yake ina mafuta mengi na humharisha mlaji, na biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Hata akirudishwa baharini, mara nyingi hufa, kwa kuwa ametolewa kwenye baridi ya kina hadi maji ya moto ya juu.

Tanzania ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mjini Tanga mwaka 2009. Maandishi ya vinasaba yamehifadhiwa kwenye kompyuta na hayatapotea, lakini hayazai samaki. Kinachomlinda silikanti ni kutotega jarife mbele ya mapango yake.