Kwinini

Kwinini ni alkaloidi chungu inayotolewa kwenye gome la mkwinini (Cinchona), mti wa asili ya milima ya Andes, Amerika Kusini. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu, na katika mlo huo hubaki hemi, ambayo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele. Kwinini huzuia ugandishaji huo, kimelea kikafa kwa mabaki ya chakula chake.

Wafamasia wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, ndio walioitenga mwaka 1820. Baadaye biashara yake ilishikwa na Waholanzi wa Java, hadi Wajapani walipokiteka kisiwa hicho mwaka 1942. Mashamba ya mikwinini ya Kivu, Kongo ya Mashariki, yakapata soko. Mjini Bukavu kampuni ya Pharmakina imekuwa ikitengeneza kwinini kwa magome ya huko huko: mti huambuliwa, gome likaanikwa, kisha likasagwa.

Katika Kongo hiyo hiyo ya Mashariki, Gety, kusini mwa Bunia katika wilaya ya Irumu, ina zoni yake ya afya, na malaria huko haina msimu. Huko na kwingineko, mgonjwa mahututi wa malaria anayetundikiwa kwinini huanza na miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha 10 kila baada ya saa 8. Mtoto wa kilo 12 basi huanza na miligramu 240, zikidondoka polepole kwa saa kadhaa pamoja na glukosi, kwa sababu dawa hii hushusha sukari ya damu, hasa kwa wajawazito. Ikiingia kwa kasi huvuruga mapigo ya moyo. Masikio kuvuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni kawaida, na si ajabu wengi huacha vidonge kabla ya siku 7 kwisha. (Soda ya toniki ina kwinini kidogo mno; haitibu malaria.)

Mwaka 2010 utafiti wa watoto zaidi ya 5,400 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kuwa waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliodungwa dawa nyingine ya malaria, atesuneti, asilimia 8.5. Tangu hapo kwinini imekuwa dawa ya akiba, ya kutumika pale atesuneti inapokosekana.

Gome la kuchemsha nyumbani halina kipimo. Mtoto mwenye degedege asinyweshwe kitu. Awahishwe kituo cha afya.