Kutoka kanda za Kariakoo hadi bando: safari ya muziki kufika Likombe

Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu vinazidi kutoweka Mtwara, na kwa waliokuwa vijana Likombe enzi za memori kadi, hiyo ni historia inayofutika bila kuandikwa. Mteja alitoa kadi yake, akataja wasanii anaowataka, kijana wa kompyuta akamjazia, akalipa, akaenda zake. Msanii hakuona hata senti.

Tatizo hilo halikuanza na kompyuta. Alex Perullo, mtafiti wa Marekani aliyeandika kitabu Live from Dar es Salaam (2011), anaonyesha jinsi uchumi wa muziki wetu ulivyojengwa juu ya kunakili. Zama za Ujamaa bendi zilitegemea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), malipo yakiwa kiduchu. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Mwaka 1994 ikaja Radio One, Bongo Fleva ikapata masikio, na wasambazaji wa kanda wa Kariakoo wakashika hatamu.

Huku kusini tulikuwa na shida ya ziada: barabara. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Agosti 2003, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni, na masika njia ilikuwa balaa. Wimbo ulisikika redioni kwanza, kanda ikafuata baadaye sana. Ndiyo maana watu walirekodi wenyewe. Uliziba vitundu vya juu vya kanda kuukuu kwa karatasi, ukakaa kidole juu ya kitufe ukimwombea mtangazaji asiongee katikati ya wimbo. Kurudisha nyuma, ulizungusha kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Sheria ya hakimiliki ya 1999 na COSOTA, taasisi ya hakimiliki iliyoanza 2001, hazikufika kwenye kitufe hicho. Stempu za kodi za TRA zilipobandikwa kwenye kanda na CD, soko lenyewe lilikuwa linakata roho.

Kisha mwana wa Chitoholi, Tandahimba, akatuonyesha sura mpya ya mambo, enzi za bando. Rajab Abdul Kahali, yaani Harmonize, alitoka na "Aiyola" mwaka 2015 chini ya lebo ya WCB, akaondoka 2019 na kusimamisha lebo yake, Konde Gang, jina linalowataja Wamakonde waziwazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo akatoa "Uno". Wimbo ukapasua anga, watazamaji mamilioni. Ghafla ukatoweka YouTube. Mtayarishaji wa Kenya, Magix Enga, alidai mdundo umechukuliwa kutoka "Dundaing", wimbo wa King Kaka alioutengeneza yeye. Mashabiki wa Bongo na Kenya wakatukanana mitandaoni, kila upande ukitetea bendera yake. Baadaye wimbo ulirudi.

Kwangu, ugomvi huo ndio ukurasa mkubwa wa historia hii. Kanda ikishauzwa Mtwara, hakuna aliyeweza kuifuata na kuinyamazisha. Leo dai la mtu mmoja Nairobi linazima wimbo siku moja Likombe, Muscat na London. Mwenye haki amepata nguvu ambayo COSOTA haikuwahi kumpa, na hilo ni jema. Lakini ufunguo wa ghala letu la nyimbo uko Marekani, kwa kampuni isiyoijua Tandahimba.

Na ghala la nyumbani je? RTD ilirekodi pia ngoma za mikoani. Tepu zake zilirithiwa na shirika la utangazaji la TBC, na mwaka 2012 ilibidi vijana wa Tanzania Heritage Project wachangishe fedha kwa watu ili ziingizwe kwenye mfumo wa kidijitali. Ni aibu kwa nchi yenye hazina kama hiyo.

TBC ituletee Mtwara nakala za ngoma za kusini zilizomo kwenye maktaba yake. Jamii FM, Safari na redio nyingine za hapa zitume watu Likombe na vijijini wakarekodi ngoma za sindimba na lingwele, wawaandike wapigaji kwa majina, na nakala zibaki hapahapa mkoani.