Kuonja Pasipo Kuona: Kutoka Mtungi wa Urwagwa hadi Chupa ya Primus Mjini Gisenyi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watu wa Gisenyi, mji ulio kaskazini mwa Ziwa Kivu katika wilaya ya Rubavu, walivyoipima pombe yao kabla ya kiwanda na baada yake. Tutadai kwamba chupa, pamoja na mema yake, iliupunguzia ulimi kazi na kuyapa macho. Msomaji asiyetumia kileo asiikimbie habari hii, maana ndani yake mna jambo la lugha linalotuhusu sote tufundishao.

Zamani mnywaji wa kawaida hakuwa na nembo ya kutazama. Pombe kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni urwagwa, pombe ya ndizi, ambayo jirani zetu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, huiita kasiksi. Ndizi hufukiwa katika shimo lililotiwa joto kwa siku kadhaa mpaka ziive. Hukamuliwa pamoja na majani. Maji yake matamu huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachache kwa siku mbili au tatu. Ya pili ni ikigage, itokanayo na kimea cha mtama. Zote mbili ni nzito, tena si angavu, na juu ya mtungi hapana jina. Huyu alisifika kwa urwagwa wake na yule kwa ikigage yake, na sifa hiyo ilitoka vinywani mwa wanywaji, si penginepo.

Kinyarwanda kina kitenzi cha kazi hii, nacho ni gusogongera. Kukifasiri kwa neno "kuonja" ni sawa, ila hakutoshelezi. Kwa desturi mwenye pombe hutangulia kuionja mbele ya wageni ili wajue kwamba haina sumu. Kuonja huko, basi, ni dhamana. Baada ya hapo mrija, yaani umuheha, hutumbukizwa mtungini na kupita mkono kwa mkono, na anayevuta haoni anachokivuta. Twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba majaribio ya kuonja kwa macho yaliyofumbwa, ambayo wataalamu wa Ulaya waliyawekea kanuni katika karne ya 20, yalikuwa mambo ya kila jioni vilimani humu.

Mwaka 1957, Rwanda ikiwa bado chini ya Wabelgiji, iliundwa kampuni ya Bralirwa, chipukizi la kampuni ya bia ya Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ambako Primus ilikwisha kupikwa tangu miaka ya 1920. Kiwanda kilijengwa Nyamyumba, kando ya ziwa, kusini kidogo ya mji, na Primus ikaanza kutoka humo mwaka 1959. Katika miaka ya 1960 kiwanda kilianza kutumia gesi ya methani iliyovutwa kutoka vilindi vya Ziwa Kivu huko Rubona, jambo la nadra duniani. Heineken iliingia kwa hisa mwaka 1971, na mwaka 1987 ikaongezwa Mützig, ambayo jina lake ni la mji mdogo wa Alsace, Ufaransa.

Hapo ndipo ubishi wa barazani ulipoanza: mmoja ni mtu wa Primus, mwenziwe ni mtu wa Mützig, na kila mmoja huapa kwamba hawezi kudanganywa. Lakini bia hizi mbili ni ndugu. Zote ni za ukoo wa bia nyepesi za rangi ya dhahabu ulioanzia Plzeň, katika nchi ya Wacheki, mwaka 1842. Mützig huizidi mwenziwe kidogo tu kwa ukali wa kileo. Mwaka 1964 Allison na Uhl walichapisha huko Marekani matokeo ya jaribio lao. Waliwapa wanywaji chupa zisizo na nembo, kisha wakawapa zenye nembo. Pasipo nembo, kwa jumla wanywaji hawakuweza kuitambua bia waipendayo. Nembo ziliporudishwa, kila mmoja aliisifu yake kuliko nyingine. Yaelekea ubishi wa Gisenyi nao ni wa macho zaidi kuliko wa ulimi.

Anayetaka kupima na atumie njia iliyobuniwa katika kiwanda cha Carlsberg, Copenhagen, katika miaka ya 1940. Mwonjaji hupewa bilauri tatu, mbili zikiwa na bia moja na ya tatu bia nyingine, naye huitafuta iliyo tofauti. Kwa kuwa anayebahatisha hupata mara moja katika kila tatu, yapasa jaribio lirudiwe.

Kazi huwa ngumu zaidi bia zikiwa za namna mbalimbali. Turbo King ni nyeusi. Rangi yake humwambia mtu jibu kabla hajainua mkono. Basi vitumike vikombe visivyopenya nuru, na mmiminaji asiwe miongoni mwa waonjaji. Bia isiwe baridi mno, kwani baridi huutia ulimi ganzi.

Tulipowaomba wenzetu kadhaa wajaribu hivyo, kilichotushughulisha si nani alipata na nani alikosa, bali maneno yao. Karibu kila kikombe kiliambiwa ama "kali" ama "laini". Neno "kali" lilibeba wingi wa kileo, uchachu wa ndizi na uchungu wa hopsi, yaani yale maua yatiwayo katika bia, vyote kwa pamoja! Na Kiswahili si maskini hivyo. Urwagwa una ugwadu. Primus ina uchungu mwepesi. Turbo King ina harufu ya nafaka iliyobanikwa. Bia iliyoachwa wazi mpaka povu likafa ni chapwa. Na liko neno ukakasi kwa kile kinachoukwaruza ulimi kama ndizi mbichi. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, wanafunzi wengi huyakuta maneno haya katika kamusi tu, bila kitu cha kuyashikia. Mwalimu aweza kuwafunza kwa maji ya ndimu, chai isiyo na sukari na ndizi mbichi, bila tone la pombe.

Limebaki suala la haki. Urwagwa umedharauliwa kwa muda mrefu kuwa ni kinywaji cha shamba kwa sababu si angavu kama bia ya chupa. Kuushindanisha na Primus kwa uangavu ni sawa na kuuhukumu utenzi kwa kanuni za tamthilia. Ndani ya kikombe cheusi ila hiyo haionekani, na mwonjaji hulazimika kuuliza kama ndizi ziliiva barabara, kama mtama ulikaangwa bila kuungua, na kama ugwadu umekolea au umepita kiasi. Kwa mpangilio, urwagwa uonjwe mwisho, baada ya bia nyepesi na ile nyeusi, mtu akisukutua kwa maji kila mara. Ukitangulizwa, ugwadu wake hubaki kinywani na kuzifanya bia zote zinazofuata zionekane chapwa.