Chumba cha nzi: kazi ya wengi, sifa ya wachache

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruzuku nyingi za utafiti za Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwa walioachishwa kazi ni watunzaji wa FlyBase, hifadhidata ambayo tangu mwaka 1992 imekuwa ikikusanya taarifa za jeni za nzi mmoja mdogo. Wenzao wa Cambridge, Uingereza, ikabidi watembeze bakuli kwa wanasayansi wa dunia nzima.

Nzi mwenyewe ni Drosophila melanogaster, yule mwenye macho mekundu anayezonga ndizi zilizoiva kupita kiasi, si yule anayeharibu maembe shambani. Asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Ana urefu wa milimita 3 hivi na jozi 4 tu za kromosomu, na kwenye joto la nyuzi 25 yai lake huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi. Mtafiti huona vizazi vingi ndani ya mwaka mmoja, kwa gharama ya ndizi.

Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipata dume mwenye macho meupe, na uzao wake ukasaidia kuthibitisha kwamba jeni hukaa kwenye kromosomu. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Alfred Sturtevant alichapisha ramani ya kwanza ya jeni. Hayo yanafahamika.

Kisichosimuliwa sana ni ugomvi wa “chumba cha nzi”, maabara ya Morgan yenyewe. Kilikuwa na upana wa mita 5 hivi na urefu wa mita 7, madawati manane yamebanana, na kila mahali chupa za maziwa zenye ndizi zilizopondwa. Calvin Bridges aliajiriwa kuosha chupa hizo. Siku moja, kupitia kioo kizito cha chupa ambayo haijaoshwa, akamwona nzi ambaye wekundu wa macho yake haukufanana na wa wenzake. Jicho hilo kali likampa nafasi ya kufanya utafiti.

Hermann Muller, mwanafunzi mwingine wa Morgan, hakubahatika hivyo. Baba yake alikwisha kufariki, naye akawa anasoma huku akihangaika na vibarua. Wenzake walishinda na nzi kutwa. Yeye alifika kwa kuibia muda, akajadiliana nao, akaondoka. Baadaye aliona mawazo aliyoyatoa kwa mdomo yakichapishwa kama matokeo ya wengine. Sturtevant alishikilia kwamba mle ndani mawazo yalikuwa ya wote. Elof Axel Carlson, mwanafunzi wa Muller aliyeandika maisha ya mwalimu wake mwaka 1981, anamtetea, na ni vigumu kutomwelewa: “mali ya wote” ni kauli nyepesi kwa mwenye dawati la kudumu.

Muller alihamia Texas, na mwaka 1927 akaonyesha kwamba eksirei huongeza mabadiliko ya jeni zaidi ya mara 100. Morgan alipewa Nobel ya mwaka 1933 peke yake. Fedha akawagawia watoto wake na wa Bridges na Sturtevant. Muller alisubiri yake hadi mwaka 1946.

Hata hivyo, chumba kile kiliacha desturi njema ya kugawana nzi na taarifa bila malipo. Mwaka 1934 Bridges na Milislav Demerec walianzisha jarida la kupashana habari za nzi. FlyBase ni mrithi wa desturi hiyo. Katika desturi hiyo hiyo wamepita Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, ambao huko Heidelberg walibaini jeni zinazopanga mwili wa kiinitete, wakatuzwa Nobel mwaka 1995 pamoja na Edward Lewis. Mwaka 2000 jenomu ya nzi huyo, yaani mkusanyiko wa jeni zake zote, ikasomwa.

Siku hizi nzi hao wanafugwa pia Ishaka, Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kwa mafunzo ya mradi wa DrosAfrica. Panya wa maabara ni ghali. Nzi anamudika, na taarifa zake zinapatikana bure mtandaoni. Ni aibu kwamba anayegundua jeni hutuzwa na anayeziorodhesha huachishwa kazi. Lakini lawama zisiishie Washington. Vyuo vyetu vinavyofaidi orodha hiyo navyo vina wajibu wa kuichangia, hata kwa kiasi kidogo, kabla haijafungwa.